Patrol ya TB48, naitrasi na joto la Muscat: vali ya upepo ifungwe wapi?

Swali lenyewe kwa ufupi: ndugu yetu yuko Sib, Muscat, ana Patrol Y61 ya injini ya TB48, kaifunga naitrasi (gesi ya nitrous oxide, ya kuongeza nguvu ya injini) ya shoti ya hospawa 150, yaani inaongeza hospawa 150, kwa noseli moja, ile inayotoa gesi na petroli pamoja. Asubuhi inafanya kazi vizuri, mchana geji ya mtungi ikifika psi 1,300 (psi ni kipimo cha presha) solenoidi, ile vali inayofunguliwa na sumaku ya umeme, inapiga "tik" tu na haifunguki. Fundi mmoja kamwambia aitupe solenoidi afunge boli vali (vali yenye tufe lenye tundu ndani, linalozunguka kufungua na kufunga) ya kiwandani inayoendeshwa na upepo, na ameshampa moja ya nusu inchi. Anauliza inafaa? Na kama haifai, achague ya namna gani.

Waalaykum salaam ndugu yangu. Ntakujibu kwanza halafu ndo nieleze, maana najua vali unayo mkononi na ijumaa inakaribia. Hiyo ya nusu inchi usiifunge. Vali ya upepo ni kitu kizuri na mi nimeishi nazo kiwandani miaka mingi kabla sijagusa magari, lakini kwenye gari pahala pake ni kwenye mtungi, ifanye kazi ya kufungua na kufunga mtungi bila wewe kushuka, sio kazi ya kufyatua naitrasi kuingia kwenye injini. Kufyatua iachie solenoidi ya umeme. Na hiyo solenoidi yako sio mbovu, inaonewa tu.

Tuanze na kwanini inagoma, kwasababu hapa ndo penye jibu lote. Naitrasi ndani ya mtungi ni maji maji yaliyobanwa na mvuke wake mwenyewe, presha unayoiona kwenye geji inatokana na joto tu. Kwenye nyuzi 20 inakaa kama psi 740 hivi, kwenye 30 inafika 900 na kitu, na hapo kati ya 900 na 1,000 ndo watengeneza mifumo hii wanapotaka uwe. Sasa ikifika nyuzi 36.4 kunatokea jambo ambalo mafundi wengi hawalijui, naitrasi inaacha kabisa kuwa maji, haijalishi umeibana vipi, ndani ya mtungi hakuna tena maji chini na mvuke juu, kuna kitu kimoja kizito kilichojaa mtungi mzima, na kuanzia hapo presha inafuata umeuweka kilo ngapi, mtungi uliojazwa sawasawa ukikaa kwenye nyuzi 45 unapita psi 1,200 bila kujitahidi. Buti ya Patrol iliyofungwa mchana wa mwezi wa saba Muscat, hebu weka kipimajoto uone mwenyewe. Watu wa Ulaya wanauziana blanketi za kupasha mtungi, wewe shida yako ni kinyume kabisa.

Solenoidi kazi yake ni kuinua kipini kilichokaa juu ya tundu, na presha ya mtungi ndo inayokikandamiza kile kipini chini. Tundu likiwa na upana wa milimita 3, kwenye psi 950 kinakandamizwa na uzito wa kama kilo 4.7. Kwenye 1,400 ni kilo 7. Koili ni ile ile. Tena sio ile ile, imekuwa dhaifu, maana waya wa shaba ukipata moto ukinzani wake unapanda: kutoka nyuzi 20 mpaka 100, na chini ya boneti ya TB48 iliyotoka kupanda mchanga 100 sio ajabu, unapanda kwa karibu theluthi moja, umeme unaopita unabaki kama robo tatu, na nguvu ya sumaku inakwenda kwa mraba wa umeme kwahiyo unabaki na asilimia 58 hivi ya nguvu uliyonunua. Mzigo umeongezeka karibu mara moja na nusu, mbebaji kapungukiwa karibu nusu. Hiyo "tik" unayoisikia ni kipini kinajaribu kikashindwa.

Fundi wako hapo kaona sawa, kwamba upepo una nguvu kuliko koili. Pistoni ya upepo yenye kipenyo cha milimita 20 tu, kwa upepo wa bar 6, inasukuma kwa uzito wa kilo 19, haijali joto, haijali betri. Ndo maana wazo linavutia. Tatizo ni vali aliyoichagua na pahala alipotaka kuiweka.

Igeuze hiyo vali uangalie ubavuni. Nakubashiria utakuta imepigwa 1000 WOG. Herufi hizo ni za maji, mafuta na gesi, na hiyo elfu ni psi ikiwa katika joto la kawaida la chumba, na kadri sili za tefloni zinavyopata moto uwezo unashuka. Mtungi wako umeshaonyesha 1,300. Kwahiyo siku ya kwanza tu umeshavuka kikomo cha chuma chenyewe, na hiyo vali itakuwa nyuma ya kiti cha watoto. Mi kwa naitrasi ya huku Ghuba sitaki kuona vali iliyoandikwa chini ya psi 3,000. Sio kwamba naogopa sana, ni kwasababu mtungi wenyewe wa alumini umepangiwa kazi ya psi 1,800 na kisahani chake cha usalama kinapasuka juu zaidi ya hapo, sasa huwezi kuwa na mtungi unaovumilia kuliko vali iliyofungwa mbele yake.

Sasa spidi, hapa ndo nilipojifunza kwa macho. Nilishawahi kuweka boli vali ya robo inchi na akchueta yake (kile kifaa cha upepo kinachoizungusha) mezani, upepo bar 6, nikaweka simu juu ya kistendi nikairekodi ile mode ya polepole, picha 240 kwa sekunde, nikawasha vali ndogo inayoongoza upepo huku taa nyekundu ikiwaka kunionyesha umeme umefika. Nikakaa nahesabu picha moja moja. Kufungua picha 71, yaani theluthi ya sekunde kasoro. Kufunga kwa springi picha 110, karibu nusu sekunde. Na hiyo ni vali nzima, mpya, hosi ya upepo fupi. Nilipoweka hosi nyembamba ya mita 3 kati ya vali ndogo na akchueta ilichelewa zaidi, mpaka nikaona kishale kinasita kama mtu anayefikiria. Solenoidi ya umeme yenyewe inamaliza kazi ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde, huwezi hata kuilinganisha.

Nusu sekunde utasema ni kitu gani. Shoti ya 150 inakula kama gramu 68 za naitrasi kila sekunde. Umeachia mafuta ubadilishe gia, throto (mlango wa hewa ya injini) imefunga, naitrasi bado inaingia nusu sekunde nzima, hizo ni gramu 30 na kidogo, na zikigeuka gesi ni lita 17, kwenye menifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda za injini) ambayo haifiki hata nusu ya hapo. Cheche moja ikirudi nyuma kupitia vali ya kuingiza iliyo wazi, menifoldi inapasuka. Nimeshaokota vipande vya menifoldi ya plastiki mchangani, vingine vidogo kama kucha, na boneti ilikuwa imebinuka katikati kama mtu kaipiga kwa chini na nyundo. Dereva alikuwa mzima alhamdulillahi.

Na hapa kuna jambo ambalo ukubwa wa vali unalizidisha, tafadhali lisome taratibu. Jeti ya naitrasi (kitundu kinachopima kiasi kinachoingia) ya noseli moja ya shoti 150 tundu lake ni kama milimita 1.6, eneo la milimita mraba 2. Boli ya nusu inchi ina tundu la milimita 12 hivi, eneo 113. Zaidi ya mara 50. Maana yake boli ikianza kufunga injini haijui kitu, naitrasi inaendelea kupita kamili kamili mpaka boli ibakishe upenyo mdogo wa mwisho kabisa, ndo ipungue, kwahiyo ule muda wote wa kufunga unahesabika kuwa wazi. Vali kubwa haikupi nguvu zaidi hata kidogo, inakuchelewesha kufunga basi. Tundu la milimita 4 linakutosha kabisa kwa shoti yako, presha inayopotea hapo ni asilimia 2 na nusu hivi. La milimita 3 linapoteza kama 8, na naitrasi haipendi kupotezewa presha kabla ya jeti maana inaanza kuchemka ndani ya hosi, inafika kwenye jeti nusu maji nusu mvuke, shoti inakuwa dhaifu siku moja na kali siku nyingine. Chukua 4 mpaka 5, usiende zaidi.

Na mtu asikushauri uweke vali moja tu kule nyuma kwenye mtungi ndo ifyatue. Hosi ya mita 4 kutoka buti mpaka menifoldi ikiwa imejaa ina gramu 70 hivi za naitrasi, ukifunga nyuma zote hizo zinaendelea kuingia mbele, lita karibu 40 za gesi wakati mguu wako hauko tena kwenye mafuta.

Kwahiyo mpango wangu kwako ni huu: solenoidi ya umeme inabaki mbele, karibu na noseli, hosi fupi iwezekanavyo. Vali ya upepo inakaa nyuma kwenye mtungi. Unapanga foleni ya mbio, unabonyeza swichi, mtungi unafunguka, ukimaliza mbio unafunga bila kushuka, na ikitokea ajali au moto, umeme ukikatika springi inafunga mtungi yenyewe. Hiyo faida ya mwisho peke yake inatosha kuihalalisha gharama.

Ya kununua sasa. Nenda kwa wanaouza vali za ala za viwandani, zile za mafuta na gesi, Muscat na Sohar wapo, usiende kwa wauza mabomba ya maji. Waambie unataka boli vali ya chuma kisichoshika kutu, robo inchi, psi 3,000 au zaidi, viti vya tefloni, akchueta ya springi ya kujifunga. Sio ile ya upepo kufungua na upepo kufunga, hiyo upepo ukiisha inabaki pale ilipo, ikiwa wazi inabaki wazi. Kwenye karatasi ya akchueta angalia nguvu ya springi mwisho wa safari yake, sio mwanzo, kwasababu springi ikikaribia kumaliza kufunga ndo iko dhaifu na ndo boli inapokaza. Pima kwa upepo wa bar 5 hata kama utaweka 6, na uache akiba ya theluthi moja juu, maana boli yako haitakuwa na grisi ya kawaida na inakuwa nzito kidogo.

Kwanini haitakuwa na grisi, hapa nakuomba unisikilize kama kakako mkubwa. Vali ikitoka dukani ina grisi au mafuta ya mashine, ifungue ile ya kwako upitishe kitambaa cheupe ndani ya boli utaona inatoka na rangi ya chai. Kwenye maji hakuna neno. Naitrasi inabeba oksijeni, asilimia 36 ya uzito wake wakati hewa ya kawaida ni 23, na zaidi ya hapo yenyewe ikipata moto wa kutosha inavunjika na kutoa joto lake bila kuhitaji kitu kingine cha kuungua. Ukifungua vali ghafla, gesi iliyo mbele inabanwa mara moja, inapata moto, ikikutana na filamu ya mafuta hapo inawaka, moto unarudi kwenye mtungi. Mwaka 2007 kule Mojave, California, watu waliokuwa wanatengeneza roketi walifanya jaribio la kupitisha naitrasi tu, hakuna injini iliyowashwa, tangi likalipuka watu 3 wakafa. Wale ni wataalamu. Kwahiyo sema dukani unataka vali iliyosafishwa kwa matumizi ya oksijeni, inakuja kwenye mfuko uliofungwa, na usiufungue mpaka dakika ya kuifunga. Kama lazima upake kitu kwenye uzi tumia tepu ya tefloni, na kwenye sili grisi ya florini ile inayokubalika kwa oksijeni. Vaselini na WD-40 viweke mbali kabisa na meza hiyo. Raba za kawaida nazo ziangalie, naitrasi inaingia ndani ya oringi ikavimba, ukitoa presha ghafla inachanika kama mkate.

Jingine la boli vali ambalo muuzaji hatakwambia: ikifunga, kuna kiasi kidogo cha naitrasi kinabaki kimefungiwa ndani ya boli lenyewe, kati ya viti viwili. Imefungwa asubuhi ikiwa maji, mchana inapata moto haina pa kwenda, presha ya pale ndani inapanda kupita kiasi chochote cha kwenye geji. Omba boli yenye kitundu upande mmoja, inayojipumulia kuelekea upande wa mtungi. Vali ya namna hiyo ina mshale mwilini, mshale uufuate, ukiifunga kinyume inavuja na kitundu hakisaidii kitu.

Upepo wenyewe wa kuiendesha. Kikompresa cha gari cha bar 8 kinatosha kama kina tangi dogo na kichujio cha maji. Kaboni dayoksaidi wanayotumia watu wa drag (mbio fupi za moja kwa moja) kubadilisha gia usiipende kwa huku, ina tabia ile ile ya naitrasi, ikipita nyuzi 31 presha ya mtungi wake inaruka. Naitrojeni kwenye kichupa kidogo na regyuleta ya bar 6 ndo bora, inapanda kidogo tu na joto, na akchueta ndogo kama hii haili kitu, utajaza mara chache kwa msimu. Na usishawishike kuendesha akchueta kwa naitrasi yenyewe kwakuwa ipo, ndani ya akchueta kuna raba na grisi ya mafuta, nimeshaeleza kinachofuata. Ile vali ndogo ya njia tatu inayoongoza upepo ikandamize moja kwa moja juu ya akchueta, inakula umeme chini ya ampea 1. Weka swichi ya presha kwenye upepo, ukishuka chini ya bar 4 mfumo mzima usikubali kuwaka.

Ukishafunga vali nyuma na solenoidi mbele umetengeneza shida mpya na lazima uitatue siku hiyo hiyo, hosi iliyo katikati inabaki imejaa naitrasi imefungwa pande mbili. Kwenye jua ni ile hadithi ya boli tena, safari hii mita 4. Weka solenoidi ndogo ya kupumulia hosi, itoe nje ya gari, na utaratibu uwe kila ukimaliza unafunga mtungi kwanza, halafu unapumulia mpaka geji ya mbele isome sifuri. Geji ya mbele iwepo, usitegemee kuangalia moshi mweupe.

Upande wa petroli usiuguse na upepo hata kidogo. Petroli na naitrasi zinatakiwa zikome pamoja au naitrasi itangulie kukoma, petroli ikikoma kwanza hata kidogo injini inabaki na oksijeni nyingi bila mafuta na pistoni inayeyuka pembeni, unaikuta imeliwa kama sukari. Ukichanganya solenoidi ya umeme kwenye petroli na boli ya upepo kwenye naitrasi ndo unapata hasa hiyo hali, petroli imeshafunga boli bado inazunguka. Swichi ya presha ya petroli iwepo, ikikata nayo ikate naitrasi. Naitrasi iingie throto ikiwa wazi kamili tu, kuanzia mizunguko 3,000 hivi, na ikate kabla ya limita, yaani kikomo cha mizunguko ya injini.

Ila kabla hujanunua chochote fanya haya matatu, kuna uwezekano mkubwa solenoidi yako itafunguka bila vali mpya. Toa mtungi kwenye buti iliyofungwa, ufunike kitambaa kilicholowa maji uupepee, maji yakikauka yanashusha joto haraka, unarudi chini ya 1,000 kabla ya zamu yako haijafika. Mtungi upimwe kwenye mzani, usizidi uzito ulioandikwa kwenye lebo, wajazaji wengine wanaongeza "zawadi" na kwenye joto la kule hiyo zawadi ni hatari. Na pima volti pale pale kwenye waya za solenoidi ikiwa imewashwa, sio kwenye betri. Nimekuta gari lina 13.8 kwenye betri na 11.2 kwenye koili, waya mwembamba wa taa umebeba ampea 15, fundi akabadilisha waya na rilei tatizo likaisha.

Niandikie namba nne: geji saa sita mchana baada ya kitambaa, volti kwenye koili, uzito wa mtungi, na namba iliyochongwa kwenye jeti ya naitrasi. Na picha ya ubavu wa solenoidi panapoandikwa presha yake. Nikizipata ntakwambia akchueta ya ukubwa gani.